Waya wa Redio

Tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike akiungua homa mapajani mwangu, fundi, na jirani yetu Mhindi, mwenye gari lililokataa kuwaka tulipotaka kumkimbiza mdogo wangu hospitali. Wazazi tulikwisha kuwazika. Hata leo nikinusa mpira wa waya ukiungua, namsikia fundi.

“Swichi ya ufunguo imechoka. Nikifunga rilei ya kupeleka umeme, stata itazunguka, injini iwake. Ila waya sina.”

Jirani akaenda kung'oa waya wa redio yake nyumbani, na fundi akauchoma mpira kwa kiberiti ili auvue.

“Tutakulipa nini, mzee?” nikamwuliza jirani.

“Akipona, aje anisomee gazeti. Macho yangu mabovu, na redio ndiyo hiyo mmeiua.”

Gari likawaka, fundi akashika usukani. Kabla ya hospitali, mdogo wangu alikwisha kupoa mapajani, pumzi imekatika.

Nilikuwa nimeacha shule kabla sijajua kusoma, ili yeye asome. Gazeti la mzee sikuweza kulisoma, na deni lile bado ninalo.