Nilitaka turbo, nikakutwa na salfa

Jamani, leo nimeumbuka gereji mpaka nikatamani kujifungia kwenye buti.

Mnalijua gari langu la michezo, lile la silinda sita. Wiki mbili sasa halivuti kabisa. Jana bajaji imenipita kwenye kilima. Bajaji! Na ina abiria watatu!

Nikasema basi, leo naongeza nguvu. Nikaenda kwa fundi, dada mmoja hapa mtaani Chuno. "Nifungie turbo, leo leo."

"Kaka, injini haiongezwi nguvu kabla haijapimwa. Ukilazimisha, utaua pistoni."

Nikanuna. Turbo nimeshaitangaza humu, nyie mashahidi!

Akafungua filta ya hewa tu.

La haula! Imejaa unga wa njano. Salfa! Ile dawa tunayopulizia mikorosho!

Kumbe siku ile shambani kwa mjomba, niliegesha karibu na mashine ya kupulizia, injini inanguruma asubuhi nzima, eti nipate video yenye vumbi zuri. Video yenyewe ndiyo hiyo mliyoijaza makopakopa.

"Gari lako halijakosa nguvu," dada akasema, anakung'uta filta mbele ya wateja wote. "Limekosa pumzi."

Anayecheka namfuta urafiki, sitanii.

Kwa hasira nikampigia mjomba: kwa nini hukunionya?

Akacheka weee, mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mpwa wangu, mikorosho yangu yenyewe haijapata dawa kama gari lako."