Upepo, Nyuki na Mama Mkwe

Mke wangu analipwa mshahara wa kuogopa. Wenzake wametengeneza mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili viwavi wasiyaguse. Yeye kazi yake ni kujiuliza, je, yakitoroka shamba la majaribio yataharibu nini huko nje? Chavua ikipeperushwa na upepo je? Nyuki je? Panya je? Hata mezani nikipiga chafya, anatazama imeelekea wapi. Haki ya Mungu!

Kila kitu alikiwazia, isipokuwa mama yangu.

Siku ya mavuno nilimleta Mama mwenyewe alione shamba. Akavalishwa mabuti, akazungushwa, akasifu mpaka basi. Wakati wa kutoka, nikamwona anatembea wima kama kameza mwiko. Mke wangu naye kamwona. Nikajua leo kazi ipo.

"Samahani, Mama," akasema kwa adabu zote, "naomba nikupekue."

"Unipekue mimi? Mimi niliyemzaa huyu?" Mama akanigeukia. "We baba, unamsikia mkeo?"

Nikaangalia viatu vyangu. Mbegu moja ikipandwa nje, majaribio yanafungwa na mke wangu hana kazi. Nikisema hivyo, Mama ananiachia radhi. Mwanamume mzima, ndevu hizi, nikaufyata.

Mke wangu akapekua. Hindi lilikuwa kifuani, limeviringishwa kwenye leso, limetulia tuli.

"Sikutaka kulila," Mama akasema, sauti ikimkatika. "Majirani wananicheka, eti mkwe wangu msomi hata jembe halijui. Nilitaka wakaone."

Mke wangu akalia. Akalitupa hindi kwenye moto wa kuteketezea mabua huku analia. Mama akaondoka bila kuaga, na kwa miezi mingi akawa anapiga simu kuniulizia mimi peke yangu. Iliniuma, na sikuwa na wa kumlaumu.

Msimu uliofuata, tukasikia kelele nje ya uzio. Mama huyo, na majirani zake wote nyuma! Mmoja akapenyeza mkono kwenye wavu, karibu kabisa aguse jani. Mama akamchapa kibao cha mkono.

"Wee, koma! Hapo haguswi kitu. Unamjua mkwe wangu wewe? Mimi mwenyewe alinipekua mpaka kifuani!"