Surrender Meno

Muuguzi wa mlango wa chumba cha upasuaji ana neno moja la Kiingereza linalomtosha kwa kila kitu. "Mama, surrender meno," anasema, na bakuli la chuma amelikumbatia kifuani kama mtoto. Syokau, aliyelazwa kwenye machela, anatoa meno yake ya bandia. Mutie, mumewe, aliyetoka naye nyumbani Mutuini alfajiri, anashangaa. Neno hilo yeye analijua kwa polisi wakifukuza wezi, kwa pasta Jumapili, na kwa soja wa pale getini aliyemnyang'anya kitambulisho. Hapa limelainika hivi lilipitia wapi? "Surrender hereni. Surrender pete, mama." Sauti haipandi. Kila anachopewa anakifunika kwa kitambaa, utadhani kitapigwa na baridi. Kisha akamgeukia Mutie.

"Na wewe, baba, surrender."

Mutie akapapasa mfuko wa koti, akamnyooshea simu.

"Si hiyo."

Muuguzi akaweka bakuli chini, akainama kwenye machela, akaanza kumbandua Mutie vidole, kimoja kimoja, kutoka kwenye mkono wa Syokau.