Plagi Iliyofunikwa Blanketi

Uvumilivu wangu uliisha dukani Dongobesh, muuza pikipiki aliponiambia mbele ya wateja wake, "Dada, mambo ya umeme mwachie mumeo." Mkononi nilishika plagi iliyoyeyuka. Mgongoni nilimbeba mwanangu, nywele zake zingali zinanuka moshi wa plastiki.

"Mume wangu hakuwa amelala kando ya plagi," nikamjibu. "Huyu ndiye aliyelala."

Pikipiki yetu ya umeme tunaichajia sebuleni, kwenye soketi pekee ya nyumba. Hapohapo mtoto hulala mchana. Plagi ya kwanza ya pikipiki ilikuwa na kinga ya joto: ikichemka kupita kiasi, inajizima. Ikawa inajizima karibu kila siku, mume wangu akija kuchukua pikipiki anakuta chaji nusu. Tukaipeleka kwa muuzaji. Akaikata ile plagi, akafunga nyingine. "Hii haina usumbufu," akasema.

Kweli haikujizima tena. Siku ya tatu nikiwa jikoni nilisikia harufu, nikakimbia. Baba mkwe alikuwa ameshamtoa mtoto nje, akarudi kuzima swichi, akavuta blanketi lake mwenyewe lililokuwa linafuka moshi juu ya plagi. Vidole vyake viwili viliungua.

"Baba, blanketi lilifuata nini pale?"

Akaangalia chini. "Ukungu wa huku Endagikot unaujua, mwanangu. Ndama akinyonya kwenye baridi tunamfunika. Na huyu pikipiki si ananyonya?"

Kumbe kila siku alikuwa anaifunika plagi! Nilitaka kufoka, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, huku nampaka dawa vidoleni. Mtu aliyemtoa mwanangu kwanza nitamfokea vipi? Plagi ya kwanza ilikuwa inalisamehe kosa lake kila siku, na yule muuzaji akaitupa.

Niliporudi kutoka dukani, nikaandika barua kwa kampuni inayomletea muuzaji huyo pikipiki. Baba mkwe alikaa pembeni, vidole vimefungwa kitambaa. "Andika na blanketi," akasema. "Usinifiche." Niliipeleka mwenyewe ofisini kwao, nikadai nakala yangu igongwe muhuri:

"Nalalamika kwamba muuzaji wenu wa Dongobesh aliondoa plagi yenye kinga ya joto na kufunga isiyo na kinga, bila kutueleza. Plagi ilifunikwa blanketi. Kosa hilo ni letu, na mwenye blanketi amekiri. Lakini ile ya kwanza ilifunikwa mara nyingi na hakuna kilichoungua. Naomba mturudishie plagi yenye kinga. Blanketi tumeshaliondoa."