Kijana Yuko Melini, Baba Yuko Wodini

Katika duka la kutengeneza simu mjini Embu, nilipokuwa kaunta nikisubiri simu yangu, mama mmoja kutoka Kanyakine aliweka simu yake kwenye kaunta akamwambia msichana wa dukani kwamba imeharibika.

"Mwari, mimi humflash tu kijana yangu, inalia mara moja nakata, akiona anapiga. Tangu jana, kimya. Baba yake amelazwa hospitali hapa mjini, anataka kusikia sauti yake."

Msichana aliibonyeza kidogo, akatazama picha ambazo kijana ameweka mtandaoni. "Simu iko sawa, mama. Huyu wako si yuko kwa meli ya watalii? Amezima laini, anatumia intaneti ya meli. Flash haimfikii. Ona, leo ameweka picha."

Kijana alikuwa ameshika glasi, bahari nyuma yake. Wakamrekodia ujumbe kwamba mzee ni mgonjwa sana. Jibu lilikuja upesi, kwa maandishi: "Pole mum. Kupiga simu huku ni ghali. Tutaongea nikishuka Jumapili."

Mama alifunga leso yake upya. "Ni sawa. Amechoka na safari."

Mimi sikuona usawa wowote. Mwaka huu nilikaa kando ya kitanda cha mke wangu hadi mwisho, na ninajua kwamba mgonjwa hana ahadi na Jumapili. Intaneti inayobeba picha za glasi haishindwi kubeba neno "Baba".

"Kuna video hapo anaongea," mama alisema. "Niwekee nimpelekee mzee."

Msichana aliihifadhi, nami nikaisikia. Kijana anawaambia wenzake wasogee, wasimzibie jua.