Shamba Yangu Ilishukia Kwake

Mimi na yeye tuliolewa na wandugu wawili, ku mulima moja ya Masisi, upande wa Kashuga. Mimi walinipatia shamba ya juu. Yeye ya chini, karibu na kijito, na chini njo kunakuwaka udongo muzuri. Nilimuonea wivu tangu siku ya kwanza, siwezi kuficha.

Mwaka ile mvua ilikataa kuacha. Asubui moja niliamka, shamba yangu haiko. Haiko! Udongo ilikatika, ikateleza pole pole na maharagi yangu imesimama juu yake, mupaka ikatulia kule chini, ndani ya shamba yake. Mimi nikabakia na mawe na matope. Maharagi ilikuwa imeanza kuzaa, na ile njo chakula ya watoto wangu.

Kwetu, udongo ikishuka, iko ya mwenye kuwa chini. Nani atabeba mulima arudishe juu? Basi yeye akachukua jembe, akaanza kupalia. Kupalia maharagi yangu! Halafu akaniletea majani yake mu kitunga, kwa roho muzuri, eti nipikie watoto. Hiyo njo iliniuma zaidi. Mwenye kushiba hajue mwenye njaa.

Kisha nikaona ufa. Kule juu, pahali shamba yangu ilikatikia, ardhi ilipasuka, na kila mvua ufa ilizidi kufunguka. Nyumba yake ilikuwa chini ya ile ufa kabisa. Majirani wote wa kule wakahamia ku kanisa, ngambo ya kijito. Yeye akakatala.

“Nikitoka, wezi watavuna,” alisema.

Nikashuka kumuona. “Dada, mulima inakuja.”

Akacheka. “Inakuja ao ni wivu yako njo inakuja? Unataka nitoke, uvune.”

Mungu wangu! Wivu nilikuwa nayo, ndiyo. Lakini ufa pia ilikuwa pale.

Nikafanya kitu mukulima hafanyake. Niliingia mu shamba yake, nikangoa maharagi ingali mbichi, mustari kwa mustari, chakula ya watoto wake na ya wangu. Aliniita muchawi. Alinipiga na mupini ya jembe ku mugongo. Sikuacha. Wakati hakukubakia kitu ya kulinda, akabeba mutoto ku mugongo, akashika wengine mukono, akavuka kijito kwenda kunishitaki kwa shefu wa kijiji, kule ku kanisa. Nikamufuata nyuma, mugongo inawaka.

Alikuwa angali anaongea mbele ya shefu wakati mulima ilishuka. Tuligeuka wote. Nyumba yake haikuonekana tena, hata bati moja.

Kisha akasema pole pole: “Maharagi yangu...”

Yangu! Hata pale, yake! Nilitaka kumupiga kofi. Nikamushika mukono, nguvu sana, na sikumuachilia.