Anwani ya Mucojo

Chamsudine ni mtu wa maneno machache na mashati mawili, na yote mawili anayapiga pasi ya mkaa kila jioni utadhani kesho anaitwa na gavana. Haitwi na mtu. Ofisi yetu ni chumba kimoja cha bati hapa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, chenye meza mbili na foleni isiyoisha. Kazi ya shirika letu ni kuwatafuta watu waliopotezana vitani. Unakuja, unataja jina la mwanao, mimi Dalila naliandika kwenye kompyuta, na mashine kubwa iliyofungiwa kwenye kabati la chuma inatazama kama kuna mtu wa jina hilo aliyeandikwa Pemba, Montepuez au kambi nyingine yoyote. Mashine hiyo iko mikononi mwa Chamsudine.

Alikuja hapa kutoka Mucojo, peke yake. Huko alikuwa na mke, Fátima, na walifanya kazi hii hii pamoja. Siku kijiji kiliposhambuliwa, yeye alikuwa Macomia amefuata betri, na Fátima alikuwa ofisini kwenye mashine ya huko. Ofisi iliungua na mashine yake. Fátima hakuonekana, si mzima si maiti. Miaka ilipopita, ndugu wakamshauri Chamsudine asomeshe hitma, marehemu apate dua zake.

"Marehemu gani? Nani kamwona kafa?" aliwauliza.

Kwetu ukishasomesha hitma umekubali. Haisomwi kwa mtu unayemngojea. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijafungua mlango, Chamsudine aliandika jina la mkewe, akasoma jibu kwamba hayumo, kisha akaniambia nianze kazi. Nilimzoea hivyo, ingawa moyo wangu haukuzoea.

Na mashine yenyewe ilikuwa nzito kufunguka asubuhi. Mimi subira sina, naijua nafsi yangu. "Mano Chamsudine," nilikuwa namtania, kwa kuwa hapa kaka tunamwita mano, "hii mashine yako inaswali sunna kwanza?" Yeye hutabasamu na kusema, "Iache, inakuja." Na kweli ilikuwa inakuja.

Ijumaa moja wakubwa wa Maputo wakatuwekea toleo jipya la programu, kutoka huko huko waliko, bila hata kutuuliza. Jumatatu hakuna kilichofunguka. Kila nikijaribu, maandishi mekundu: hakuna muunganisho, muda umekwisha. Chamsudine alinieleza kwamba ndani ya mashine kubwa kuna programu ndogo ambayo kazi yake ni kukaa mlangoni, kusikiliza nani anabisha hodi na kumwingiza kwenye majina. Sisi tulimwita bawabu. Sasa kompyuta ya mezani ilikuwa inabisha, na bawabu hajibu.

Alimkagua bawabu, akamkuta yuko macho. Akakagua mlango, uko wazi. Akaondoa ulinzi wote wa mtandao kwa muda, akabadilisha waya, akapanda juu ya bati kuitikisa antena, akazima na kuwasha hadi betri za sola zikalalamika. Maandishi yalibaki mekundu. Nje watu walikaa mchangani kutwa, na jioni niliwarudisha makwao kwa maneno matupu.

Bi Zaida hakukubali kurudi. Huyu ni mama wa makamo kutoka Namoto, anayekuja kila wiki kumwulizia mwanawe Muzamil. "Nimemwota, Dalila," aliniambia. "Safari hii yumo. Ngoja hiyo mashine ipone, mimi nipo." Akalala kwa jamaa zake hapa Quionga, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni.

Wiki ikawa inaisha. Msaada wetu ulikuwa simu ya Maputo, kwa binti mmoja anaitwa Kátia, ambaye kila alipopokea aliuliza kama tumeizima na kuiwasha. Nilitamani kuing'ata ile simu. Alhamisi hatimaye akauliza la maana. Akamwambia Chamsudine afungue faili la mipangilio kwenye kompyuta ya mezani, lile linaloonyesha anwani za mashine kubwa, amsomee lote kwa sauti.

Chamsudine akasoma. Nilikuwa nyuma yake nafuata kwa macho. Alisoma anwani ya Quionga, tarakimu moja moja, vizuri kabisa. Lakini juu yake palikuwa na anwani nyingine, na hiyo aliiruka.

"Mbona mstari wa juu huusomi?" nikasema, tena kwa sauti ambayo Kátia aliisikia.

Hakugeuka. "Huo ni wa Fátima," alisema.

Ilikuwa anwani ya mashine ya Mucojo. Chamsudine alipohamia hapa na mipangilio yake ya zamani, hakuifuta. Miaka yote hiyo, kila asubuhi, kompyuta yetu ilianza kubisha hodi Mucojo, ikakosa wa kuijibu, ndipo ikaja Quionga. Ule uzito niliokuwa nautania ndio huo. Mashine ya huko iliungua, lakini siku ambayo Mucojo ingejibu, Chamsudine angejua kuna mtu kawasha nyingine kwa anwani ile ile. Toleo la zamani lilikuwa na adabu ya kukata tamaa na kwenda kwingine. Hili jipya lilibisha kwenye anwani ya kwanza na kubaki pale pale.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilidhani ni kitu kingine," alisema. "Dalila, niliomba kiwe kitu kingine."

Nilikasirika, sifichi. Wiki nzima Bi Zaida amekaa mchangani! Lakini nilipouona mkono wake juu ya kibodi, hasira ikanitoka na machozi yakanijia. Kátia kwenye simu alikuwa anasema, kwa Kireno, ufute huo mstari, ufute tu. Chamsudine akaufuta. Majina yakafunguka hapo hapo.

Bi Zaida aliingia wa kwanza, akasimama karibu nami, akishika pembe ya meza. Nikaandika jina la Muzamil, na la baba yake, na la kijiji. Hayumo. Nikaandika tena kwa tahajia nyingine. Hayumo.

Ijumaa baada ya swala ilisomwa hitma ya Fátima. Chamsudine mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwomba Mwalimu Suleimane wa msikitini aisome. Bi Zaida alileta mchele kwenye kitambaa, akakaa nasi wanawake uani. Kabla ya dua Mwalimu aliuliza, kama ilivyo desturi, nani ana marehemu wake waombewe pamoja, na watu wakaanza kutaja. Wengine walitaja ukoo mzima. Macho ya wanawake yakamgeukia Bi Zaida.

"Wangu msimtaje," alisema. "Wangu namwulizia Jumatatu."

Jumatatu mashine ilifunguka papo hapo. Niliandika jina la Muzamil, jibu likawa lile lile. Chamsudine alikuwa amekaa kwenye meza yake, shati limenyooshwa, mikono mapajani, hana jina la kuandika.